Usiuze Jiwe Mbele ya Kutuma Mupelelezi

Wamama walituletea malalamiko ku komite ya sendika: vijana wanatoka ku machimbo, hawajanawa hata udongo, wanakimbilia nyumba moja ya Mangobo kwenye kuko jenereta na ordinatere, wanacheza mpaka usiku. Mama mumoja alisema ni uchawi. Tukatuma wawili kati yetu waende kukataza. Walirudi saa tano ya usiku, hawakukataza kitu. Tunaandika juu ya ile walikuta kule, maana inatuhusu sisi wote.

Ule muchezo unaitwa Civilization, wa Mumarekani Sid Meier. Wa kwanza ulitoka 1991; vijana wetu wanacheza wa sita, wa 2016. Si wa kupiga risasi tu. Ni wa zamu: wewe unafanya yako, wengine wanafanya yao, sawa vile tunacheza dame. Unaanza mwaka 4000 mbele ya Kristo na kikundi kimoja cha wahamiaji na askari mumoja. Basi. Toka pale ujenge taifa. Kati ya mataifa ya kuchagua kuko Kongo, na mufalme wake Mvemba a Nzinga, ule alianza kutawala mwaka 1509. Munajua wenyewe vijana wanachagua nani.

Muchezo unaweza kufika zamu 500. Lakini wao wanasema zamu 50 za kwanza njo zinaamua, na sisi tumewasadiki. Kosa la pale halikuui siku ile ile. Linakufuata polepole.

Kwanza ni maji. Muji ukiwekwa pembeni ya muto, watu wanaongezeka. Ukiwekwa mahali pakavu, wanasimama mapema. Hapo hatuhitaji mwalimu. Wagenia walikuwa ku maporomoko mbele Stanley hajaweka kituo chake mwaka 1883.

Kisha inakuja ile ilitushika. Mwenye kuanza, muji wake ukisimama tu, anataka kitu cha kuonekana. Anajenga maajabu, zile mawe za Stonehenge ao piramidi, na muji muzima unafungwa pale zamu mingi. Wakati anamaliza, jirani yake iko na miji mitatu. Mwenye kujua anatoa kwanza mupelelezi, kisha wahamiaji wa muji wa pili. Wale wahamiaji wanapunguza watu wa muji wa kwanza, inauma, lakini anakubali. Tulikuwa na PDG mumoja wa shimo: jiwe lake la kwanza kubwa lilizaa moto mbili na sherehe ya siku tatu. Shimo la pili halikufunguliwa mpaka leo.

Juu ya mupelelezi tunataka kusema zaidi. Almasi iko ndani ya ule muchezo. Ukisha kujua ufundi wa kuchimba, mufundi wako anafungua mugodi, unapata dhahabu na watu wanatulia. Unaweza pia kuuzia taifa lingine, kwa mapatano ya zamu 30, na mwanzoni, muji ukingali mudogo, ile biashara inasaidia sana. Lakini utauzia nani? Ni ule tu umekwisha kukutana naye. Kama mupelelezi wako alilala nyumbani, unajua mununuzi mumoja, na bei ni yake. Kama alitembea, unajua watatu ao wane. Unauliza huyu, unauliza yule, kisha unaamua.

Ndugu zetu, si ni sisi hawa? Muchimbaji anaingia ku shimo na deni ya muchele, ya samaki, ya betri za tochi, ya pampu. Ule alitoa mutaji njo mwenye kununua, njo mwenye kupima karati. Jiwe halijatoka ku udongo, bei imekwisha kukatwa. Tunapiga kelele ku comptoir, lakini kosa lilifanyika siku ya kwanza, wakati hatukutuma hata mutu mumoja aende kuuliza bei ya mahali pengine. Sheria ya madini ya 2002, vile iligeuzwa 2018, inataka tuwe ndani ya kooperative. Wengi wanaiona kama karatasi ya kulipia tu. Sisi tunaona ni kisanduku cha kulipa ule mupelelezi na muchele wa kwanza, ili mwenye kutuazima asitushike ku koo.

Kuko pia wanyang'anyi. Mupelelezi wao akiona muji wako na akarudi ku kambi, wanakuja wengi. Kwa hiyo askari mumoja anabaki karibu. Wale walikuwa hapa Kisangani Juni 2000, siku sita chini ya mabomu ya majeshi mawili ya kigeni, almasi ikiwa kati ya sababu, hawakucheka tulipowaelezea ile.

Jambo moja vijana walibishana mbele yetu. Mufundi akikata pori, kazi ya muji inaruka mbele mara moja. Lakini Kongo iko na mutaa wake wa pekee, Mbanza, unajengwa tu mahali kuko pori, na nafasi yake inakuja nyuma sana. Ule alikata yote mwanzoni hana pa kuujenga. Mumoja alisema kata ya karibu, chunga ingine. Mwenzake alisema usigusa. Tuko upande wa yule wa kwanza, juu watoto wanakula leo. Lakini kuko machimbo njia ya Banalia kwenye hakubaki hata kivuli cha kukaa saa sita.

Kasoro iko. Kule mugodi hauanguki juu ya mutu. Na ukianza vibaya, unafuta, unaanza tena.

Kwa hiyo wamama, hatutafunga ile nyumba. Tumeomba vijana wanawe kwanza, na saa tatu wazime. Mbele ya kufungua shimo jipya, wawili kati yao watakuja ku mukutano kutuonyesha zamu 50. Mafuta ya jenereta tutachangia. Ule mwenye kutoa mutaji aliuliza kama naye anaweza kuja. Tulimujibu aje, na bei yake ikiwa imeandikwa.