Jedwali la Mpira Halisemi Yote

Kila muhula twasikia maneno haya: "Timu iliyo juu ya jedwali ndiyo timu bora." Kwa maoni yangu, maneno haya yana uhakika siku moja tu, nayo ni siku ya mwisho, wakati kila timu imekwisha kucheza na kila timu nyingine. Kabla ya siku hiyo jedwali laweza kutudanganya, na yafaa sisi wanafunzi tujue jinsi linavyotudanganya.

Sisi wa nyanda za Makonde hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mkulima anapopeleka korosho katika chama cha msingi, hazipimwi uzito tu. Hutazamwa ubora wake pia, zikatengwa za daraja la kwanza na za daraja la pili. Magunia mawili yaweza kuwa na kilo sawasawa, lakini fedha zake zisiwe sawa. Basi pointi za mpira ni kama kilo. Hapana budi tuulize pia zimepatikana kwa nani.

Tuchukue mabweni sita ya kubuni, nayo tuyape majina ya miti: Mkorosho, Mpingo, Mbuyu, Mninga, Mwembe na Mnazi. Kila bweni limecheza mara tatu. Mkorosho ina pointi 7, Mpingo 6, Mbuyu 6, Mninga 4, Mwembe 1 na Mnazi 1. Mtazamaji atasema mara moja kwamba Mkorosho ni hodari, na Mninga ni ya kawaida tu.

Sasa tutazame ratiba. Mkorosho ilizifunga Mwembe na Mnazi, ambazo ni za mwisho, ikatoka sare na Mninga. Mninga ilikutana na timu zote tatu zilizo juu yake: ilitoka sare na Mkorosho, ikaifunga Mpingo, ikafungwa na Mbuyu. Mechi mbili zilizobaki za Mninga ni dhidi ya Mwembe na Mnazi, na zile za Mkorosho ni dhidi ya Mpingo na Mbuyu. Mninga yaweza kumaliza na pointi 10, na Mkorosho yaweza kubaki na 7 zile zile. Lakini muhula ukifungwa leo kwa ajili ya mitihani au mvua, kombe litakwenda Mkorosho. Je, hiyo ni haki?

Kupima ugumu wa ratiba si kazi kubwa. Jumlisha pointi za wapinzani ambao timu imekwisha kucheza nao, lakini kwanza uondoe pointi walizozipata kwa timu hiyo yenyewe. Usipoziondoa, timu inayofungwa ovyo itaonekana imecheza na miamba, maana yenyewe ndiyo iliyowanenepesha wapinzani wake. Kwa hesabu hiyo wapinzani wa Mkorosho wana pointi 5, na wapinzani wa Mninga wana 15. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuifanya kwa dakika chache.

Mambo haya si ya shuleni tu. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2018/19, Yanga ilikaa juu ya jedwali kwa muda mrefu huku Simba ikiwa na viporo vingi, kwa sababu ilikuwa katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika, ambako ilifika robo fainali na kutolewa na TP Mazembe. Waliosoma jedwali bila kuhesabu viporo walidhani ubingwa umekwisha kupata mwenyewe. Ligi ilipokwisha, bingwa alikuwa Simba, na Yanga ilikuwa ya pili. Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele.

Wenzetu wa sataranji walilitambua jambo hili zamani. Katika mashindano yao si kila mchezaji hukutana na kila mwenzake, kwa hiyo tangu miaka ya 1930 wana hesabu iitwayo Buchholz, ambayo hutazama pointi za wapinzani ili kuwatenganisha waliolingana. Na tangu msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ina timu 36, na kila timu hucheza mechi 8 tu katika hatua ya kwanza. Timu zikilingana kwa pointi, kwa magoli na kwa ushindi, hutazamwa jumla ya pointi za wapinzani wao.

Lakini kombe la mabweni ni kitu kidogo. Kubwa zaidi ni uchaguzi wa wachezaji wa UMISSETA. Kijana au msichana akichaguliwa shuleni, aweza kwenda wilayani Newala, kisha mkoani, na hatimaye kwenye mashindano ya taifa, ambayo mwaka 2019 na 2021 yalifanyika hapa hapa Mtwara. Mlango huo ni mwembamba. Ikiwa mchaguzi atahesabu magoli tu, atamchukua aliyeifunga timu dhaifu magoli matano, na kumwacha aliyepata goli moja mbele ya walinzi wakali. Huyo wa kwanza atafika wilayani akutane na walinzi kama wale ambao hajapata kuwaona, na huyo wa pili atakuwa amebaki nyumbani. Katika mpira wa pete ni vivyo hivyo.

Najua wako watakaosema kwamba hesabu hii ni kimbilio la walioshindwa. Nawajibu kwamba sitaki mtu yeyote anyang'anywe pointi hata moja. Aliyeshinda ameshinda, na wala si kosa lake kupangiwa wapinzani dhaifu. Tena, timu iliyocheza na wakubwa na kufungwa na wote haijaonyesha kitu bado. Ugumu wa ratiba hautoi ushindi. Wasaidia tu kusoma ushindi uliokwisha kupatikana.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, katika ubao wa matangazo, pembeni mwa pointi, iandikwe safu moja zaidi ya pointi za wapinzani. Pili, mashindano yakikatika kabla kila timu haijakutana na nyingine, kombe lisitolewe mpaka mechi zilizobaki zichezwe muhula unaofuata. Tatu, wachaguzi wa timu ya shule waandike katika daftari kila goli limefungwa dhidi ya nani.

Safu moja ya chaki haigharimu kitu. Lakini yaweza kumwonyesha mwalimu wa michezo mchezaji hodari aliyefichwa na ratiba, na yaweza kumfundisha kila mmoja wetu asisifu wala asidharau kabla ya kuuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu