Panya Amepona, Mtoto wa Pande Bado



Muhula huu darasa letu la falsafa ya maadili limebishana sana kuhusu panya wa maabara, wale ambao wataalamu hubadilisha vinasaba vyao ili waugue magonjwa ya binadamu. Baadhi ya mafrateri walisema huko ni kumwingilia Muumba katika kazi yake. Wengine walicheka: huku kusini panya wa shambani anabanikwa na kuliwa, sasa kesi iko wapi? Sisi tunaoandika hapa hatukuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili, na tunaona suala lenyewe liko karibu na vigango vyetu kuliko wengi wanavyodhani.

Tumchukue panya mmoja tu. Mwaka 1997 vikundi viwili vya watafiti nchini Marekani vilitangaza kuwa vimefanikiwa kupata panya mwenye selimundu. Walimwondolea vinasaba vyake vinavyotengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu, wakampa vya binadamu, tena vile vyenye hitilafu. Panya aliyezaliwa alikuwa na chembe za damu zinazojikunja kama mundu, upungufu wa damu, bandama lililovimba na viungo vinavyoharibika pole pole. Hakuambukizwa na mtu. Alizaliwa hivyo, na uzao wake unaendelea kuzaliwa hivyo, kwa sababu ndivyo alivyokusudiwa awe.

Selimundu kwetu haina haja ya utangulizi mrefu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Chanzo cha kuenea kwake ni malaria. Anayerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954 kutokana na utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Kwa hiyo pwani kama ya Lindi, ambako mbu na watu wamekaa pamoja tangu enzi, ni nchi ya ugonjwa huu.

Turudi kwenye mabishano. Hoja ya kwamba panya mwenye kinasaba cha mtu ni mchanganyiko wa mtu na mnyama haitutishi sana. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili mzima. Haikai kwenye kipande kimoja cha damu. Panya mwenye himoglobini ya mtu ni panya. Wazee wetu wa parokia wanaojidunga insulini kila asubuhi wanatumia dawa ambayo tangu mwaka 1982 imekuwa ikitengenezwa na bakteria waliopandikizwa kinasaba cha binadamu, na hatujasikia padre yeyote akisema bakteria hao wabatizwe.

Ugumu uko kwingine. Panya anayenaswa mtegoni kwenye ghala la ufuta anauawa kwa sababu ya hasara anayotutia, lakini aliishi maisha yake ya panya. Panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wanatumia pua ile ile waliyopewa na Mungu. Huyu wa selimundu ni tofauti. Aristotle angesema kila kiumbe kina ukamilifu wake kinaoelekea. Kwa panya huyu tumeanza na kuharibika, na tumekufanya kuwe ndiyo sababu ya yeye kuwepo. Hilo ni jambo zito, na mwenye kulichekea kwa kuwa ni panya hajalitafakari.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417, inaruhusu majaribio ya kitabibu kwa wanyama, ila kwa sharti: yabaki ndani ya mipaka ya akili na yasaidie kutunza au kuokoa uhai wa watu. Namba 2418 inaongeza kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alizikumbusha namba hizo mbili katika Laudato Si', mwaka 2015, na humo humo akakiri kwamba ni vigumu kutoa hukumu moja ya jumla kuhusu kubadilisha vinasaba. Wanasayansi nao wana kanuni zao, zilizoasisiwa na Russell na Burch mwaka 1959: tumia njia nyingine ikiwezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza maumivu yao. Ni kanuni nzuri. Lakini zote zinahusu yanayotendeka ndani ya maabara, na sharti la Katekisimu linatazama pia nje ya mlango.

Kwa maana panya yule alipona. Mwaka 2001 watafiti walimtibu kwa kumwingizia kinasaba kizima. Mwaka 2011 wengine walizima kinasaba kimoja kinachofunga himoglobini ya utotoni, ile tunayokuwa nayo tumboni mwa mama, na panya akaacha kuugua. Kutoka hapo ndipo ilipopatikana tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5.

Likizo iliyopita wachache wetu tulitumwa kwenye vigango vya pwani ya Kilwa, tukafika Pande. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, tuliulizwa tunasoma nini, nasi kwa bashasha ya wanafunzi tukaeleza habari za panya hawa. Mama mmoja alikuwa na kijana wake wa miaka tisa, ambaye kwa muda mrefu watu walisema amelogwa, hadi kipimo kilipoonyesha ni selimundu. Muhimbili iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Frateri, yaani panya wa huko keshapona, huyu wangu bado?”

Swali hilo ndilo tunalotaka kulileta darasani. Ruhusa ya kumuumba mnyama ili ateseke inategemea uhai unaookolewa. Ikiwa dawa iliyotokana na mateso hayo inaishia kwa wenye bilioni 5, basi sharti limetimizwa kwa sehemu ndogo tu, na waliotumia ruhusa ile bado wanadaiwa. Hatusemi waliopona Marekani hawakustahili kupona. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Tunasema ugonjwa aliopewa panya ni ugonjwa ambao wengi wa wanaouugua wako Afrika, na haki haiwezi kuwasahau hao wakati wa kugawa mavuno.

Tutaambiwa kwamba dawa zote huanza ghali kisha bei hushuka. Ni kweli kwamba mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na leo ni chini ya dola 100. Lakini bei ile haikudondoka yenyewe kama embe lililoiva. Wagonjwa waliandamana, kesi zilifika mahakamani, na viwanda vya India vilikubali kuuza kwa bei nafuu.

Wakati huo tusiukae mkono shavuni tukisubiri Casgevy. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, kwa wale wenye ndugu anayelingana nao. Vidonge vya haidroksiurea vilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yakaonyesha vinapunguza maumivu, malaria na vifo. Penisilini ya kuwakinga watoto wadogo ni ya bei ndogo kabisa. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachomfikia mtoto ambaye hajapimwa.

Hapo ndipo parokia inapoingia. Tunapendekeza kipimo cha selimundu kitajwe katika mafundisho ya ndoa. Hatutaki paroko avunje uchumba wa mtu. Tunataka wachumba wajue kwamba, wote wawili wakiwa na kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa, ili akizaliwa apimwe mapema na asizungushwe kwa waganga miaka tisa. Tunapendekeza pia zahanati zetu za Kanisa ziwe na vipimo vya haraka. Vinahitaji tone moja la damu ya kisigino cha mtoto, na mama huondoka na jibu siku hiyo hiyo.