TULIMPA NAULI AITUNZE, AKAITUNZA KWELI!

Leo nakupeleka Ulaya. Usishtuke ukadhani mwenzio nimekwea pipa! Ulaya yetu haina theluji, ina vumbi na ufuta. Iko huku huku wilayani Kilosa, kwenye barabara ya kwenda Mikumi.

Basi bwana, mwaka jana baada ya kuuza ufuta tukasikia Msondo Ngoma wanapiga Morogoro mjini Jumamosi. Tukajikusanya wanne: mimi, kinyozi wetu, binti mmoja wa jirani ambaye kwa kulisakata rumba humuwezi, na mshikaji mmoja nitakayemwita Mweka Hazina. Huyo ndiye tuliyemkabidhi nauli ya kurudi, shilingi 50,000, maana hanywi pombe na hana makuu.

Usione ajabu vijana wa leo kufuata bendi ya wazee. Sisi tumekulia kwenye redio za baba zetu. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilika jina na bendi inabadilika: ikawa JUWATA, ikaja kuwa OTTU. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakatoka wakaanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, na tangu hapo mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Kwa akina Mweka Hazina ni Msondo tu. Marehemu baba yake akisikia sauti ya TX Moshi William redioni, jembe linawekwa chini mpaka wimbo uishe.

Tukapanda Noah hadi Mikumi, pale tukadandia basi. Ndani ya hifadhi ni matuta na tembo. Kinyozi, bingwa wa kujua kila kitu, akasema hifadhi nayo ilianzishwa 1964, umri mmoja na Msondo. "Tofauti ni moja," akasema, "tembo hawajabadilisha jina."

Mlangoni kukawa na kasheshe. Bawabu akauliza tumetokea wapi. Binti akajibu, "Ulaya." Jamaa akatutazama miguuni. "Ulaya gani ya ndala na vumbi? Mnanifanya mimi mtoto?" Ilibidi mama muuza mishkaki aingilie: "Waache, kaka, Ulaya ipo. Kilosa huko, mimi nimeolewa huko!" Ukumbi mzima wa nje ukaangua kicheko, tukaingia.

Ndani, we acha tu! TX Moshi alitutoka 2006, Maalim Gurumo naye 2014, lakini tarumbeta zilipolia mwili ulisisimka. Ulipopigwa wimbo mmoja wa enzi za TX, Mweka Hazina akasimama, machozi yanamlenga. Mimi nikamsukuma mgongoni: "Nenda katunze! Mzee wako anakuona!"

Akaenda. Noti ya elfu kumi kwenye paji la mwimbaji. Akarudia ya pili. Mimi nyuma napiga mluzi, "Ongeza!" Wimbo ulipokwisha, noti zote tano zilikuwa zimekwenda.

Je, nilijua ni nauli? Nilijua. Ila raha ilikuwa imenikolea.

Usiku ule tulilala tumekaa, stendi ya Msamvu, baridi ya Uluguru inatutafuna. Alfajiri Mweka Hazina akauza simu yake kwa bei ya kutupa, akatukatia tiketi wote wanne. Njia nzima hakuna aliyesema neno. Hata kinyozi!

Habari ikafika kijijini kabla yetu: kala nauli ya wenzake. Na wiki ile ile kikoba chetu kilikuwa kimchague awe mweka hazina kweli kweli. Mama mmoja akasimama: "Aliyeshindwa kutunza nauli ya watu wanne, atatunza hela ya watu thelathini?" Mikono ikanyooshwa kwa mtu mwingine. Mwenzangu akainamisha kichwa. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani, mdomo kama umetiwa gundi.

Mpaka leo hajanitaja. Si kwa mama yake, si kwa binti, si kwa yeyote. Angenitukana ningelala usingizi.

Kwa hiyo msomaji, safu ya leo ni ya kukiri. Kelele za "katunze" zilikuwa zangu. Malipo ya safu hii yanakwenda kwenye simu ya yule bwana, na kikao kijacho nitasimama niseme mbele ya kina mama, wanizomee wanavyotaka.

Na wewe ukienda dansini na wenzio, burudika. Mtu akitunza fedha ya watu, mlaumu, ni haki yako. Lakini geuka kwanza umtazame aliyekuwa anapiga mluzi nyuma yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.