Mnatuwekea Flashi, Mnaita Shoo!

Wadau, leo siremba. Miaka ya 80 Msondo na Sikinde walijaza baa na kumbi za Dar kwa magitaa, tarumbeta na tumba, laivu hadi majogoo. Na wanamuziki walikuwa na mshahara: Msondo chini ya jumuiya ya wafanyakazi, Sikinde chini ya DDC. Leo mwenye baa anaona bora amlipe DJ mmoja kuliko bendi ya watu 12.

Juzi staa mmoja, jina kapuni, kapanda jukwaani na flashi. Anakunywa maji, sauti yake inaendelea kuimba! Kiingilio tumelipa!

Halafu mnasema vijana hatupendi laivu. Tutaipendaje hatujaionja? Dogo anayejua gita akapige wapi? Funguka.