Mchina Mwacheni, Iulizeni Stima

Jumapili iliyopita, kanisani Kitale, nilimsikia mhubiri akizifananisha ndoa za siku hizi na televisheni za Mchina: dukani zinang'aa, nyumbani hazimalizi mwaka. Waumini wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilinuna. Maikrofoni aliyoshika, spika zilizotupasua masikio na simu aliyosomea Maandiko, zote ni za China, na zote zilikuwa zikifanya kazi bila wasiwasi.

Wimbo huu wa "vya Mchina havidumu" umenichosha. Unaimbwa kwenye matatu, kwenye matanga, hata na muuza duka aliyekuuzia kifaa chenyewe. Wenye kuuimba wamesahau Great Wall. Miaka ya 1990 huku kwetu, televisheni ya heshima ilikuwa Great Wall, picha nyeusi na nyeupe, aeria imefungwa kwenye mti mrefu nje, majirani wamejaa sebuleni kutazama vichekesho vya Vitimbi. Ilitoka wapi? China! Na ilidumu, kwa sababu wengi wetu tuliiwasha kwa betri ya gari. Betri ikiisha, kijana anaifunga kwenye baiskeli anaipeleka sokoni ikachajiwe. Betri ina mapungufu yake, lakini haijawahi kuamka usiku wa manane ikamwaga volti 400. Great Wall iliishi kwa kuwa haikukutana na stima.

Asiyeamini aende kwa fundi yeyote Kitale asubuhi baada ya usiku wa radi. Wangu alinifungulia pawa saplai ya televisheni ya jirani. Pale umeme unapoingilia kuna kidude cha duara kiitwacho varista. Kazi yake ni kufa kwanza volti zikipanda. Kilikuwa kimepasuka katikati, kimeacha masizi kwenye bodi, na kando yake kapasita imevimba kichwa. "Hii haijazeeka," fundi akasema. "Imepigwa."

Mzee mmoja wa Bungoma akanibishia: mbona redio yake ya Japani ya tangu ujana bado inalia? Mzee wangu, redio hiyo inatumia mawe ya betri! Unaiwasha usikilize habari na matangazo ya vifo, kisha unaifunika kitambaa. Hata mimi ningelelewa hivyo ningefika miaka 100.

Mradi wa Last Mile ulianza 2015 kwa ahadi ya kumfikishia stima kila aliye ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Vizuri sana. Lakini transfoma ni ileile, na kwenye laini hiyohiyo kuna kinu cha posho, mchomeleaji wa mageti na nyumba mpya kila uchao. Pita Kamukuywa au Kimilili saa moja jioni uone balbu zinavyofifia kinu kikiwashwa. Kompresa ya friji ikijaribu kuanza kwa umeme huo mchovu inakwama, inanguruma, inashika moto ndani kwa ndani hadi nyaya zake zinaungua. Halafu stima inapotea kabisa, na ikirudi inarudi kwa kishindo.

Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, karibu nchi nzima ikaingia gizani. Agosti 2023 giza likarudi, likaingia hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tumbili naye alikuwa wa Kichina?

Ni tabia yetu, kitu kikifa tunamtafuta mgeni. Afadhali kiwanda cha karatasi cha Webuye: kilipofungwa 2009 na mji mzima ukapooza, sikusikia mtu akidai kilitengenezwa Guangzhou. Wenyewe tulijua kilichokiua, tukanyamaza, na walionyamaza zaidi ndio tuliowarudishia kura.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja aliyeharibiwa mali na umeme mbovu kudai fidia. Nani amewahi kukuhubiria hilo? Tunachohubiriwa ni kununua gadi ya friji, gadi ya televisheni, gadi ya kila kitu. Yaani nilipie tokeni ili niletewe umeme, kisha nitoe pesa nyingine ninunue kifaa cha kunikinga na umeme huohuo niliokwisha kuulipia.