Ree Haiozi, Kumi Huoza

Kuna ugonjwa kwenye meza za poka za Mji wa Kale, na ugonjwa huo tunauita busara. Kijana kapewa karata nzuri, ni yeye wa kwanza kuongea, halafu anagonga meza kwa kidole: napita. Anajifanya hana kitu, ati anatega. Karata mbili baadaye mwenzake anakokota chungu chote, na yeye anashika kichwa na kulaumu bahati. Si bahati, bwana. Ni tabia, na tabia yenyewe tumeirithi barazani.

Kabla hamjanirukia: meza ninayoizungumzia ni ya kokwa za tende, si ya pesa. Kamari ni haramu, na simtumi mtu kasino. Lakini hesabu ni hesabu, hata ya kokwa.

Sisi tumelelewa na wahedi na sitini. Mchezo wa pointi 120, mwenye 61 ameshinda. Ree ina 11, saba ina 10, na mzungu wa nne, wa tatu na wa pili wanabeba pointi zao majinani. Maneno yenyewe, karata, turufu, kopa, tuliachiwa na Wareno, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Na kila mtoto aliyewahi kuchungulia karata za mjomba wake jioni ya kahawa chungu alifunzwa kitu kimoja: ukitangulia, tupa takataka. Ree ya turufu ifiche mpaka wakati wake.

Funzo hilo ni sahihi kwa mchezo ule. Ree ya turufu haiozi. Nguvu yake mwanzo wa mchezo ndiyo nguvu yake mwisho. Hakuna karata itakayofunuliwa ikaishinda. Kuificha hakukugharimu kitu.

Poka si hivyo. Hebu tazama. Mkononi una kumi mbili, ya kopa na ya uru. Mezani zimefunuliwa tisa ya shupaza, sita ya shupaza, tatu ya pau. Kwa sasa pengine ndiwe mkubwa pale. Lakini zimebaki karata mbili za kufunuliwa, na kila moja yaweza kukuvua nguo. Mwenzako akiwa na shupaza mbili ndogo, kati ya karata 45 ambazo hamjaziona nyote wawili, 9 zinamjenga. Hiyo ni moja kwa tano, kwa karata moja tu. Akiwa na mzungu wa nne na wa pili wasio wa shupaza, hana kitu bado, lakini ukimwachia aone karata zote mbili bure, takriban mara moja kwa nne atakupita.

Na wewe umepita! Umempa bure kitu ambacho angekilipia.

Chungu kina kokwa 100. Weka 50. Mwenye shupaza sasa anatoa 50 kuwania jumla ya 200, yaani anahitaji kushinda robo ya mara ili karata ijayo imlipe. Yeye anaipata moja kwa tano. Akilipa, analipa ghali. Mwenye wazungu wake akitupa karata, ametupa nafasi iliyokuwa yake kihalali. Vyovyote vile umekula.

Najua mtakalosema. Ati anayeongea mwisho ana faida, kwa hiyo anayetangulia apite, amngoje aweke, kisha ampandishie. Mbinu hiyo ipo, na ni nzuri akiweka. Asipoweka je? Anayesubiri shupaza yake hana haraka. Ukipita naye atapita, atashukuru, na karata itafunuliwa bure. Kutangulia ndiko kunakukosesha uhakika kwamba kuna mtu atakayeweka baada yako. Bei ya karata ijayo, kama huitaji wewe, huenda isitajwe na mtu.

Mwingine atauliza: nikiweka, akapandisha sana? Basi umepata habari. Tazama ni nani, amechezaje tangu asubuhi, na mara nyingine tupa hizo kumi bila kinyongo. Kutupa si aibu. Aibu ni kulipishwa mwisho na mtu uliyempa silaha mwenyewe.

Sisemi uweke kila mara. Ukiwa na ree mbili, na ya tatu imelala mezani pamoja na takataka zisizofuatana wala kufanana rangi, vizia unavyotaka. Hapo kweli una kitu kisichooza. Swali la kujiuliza si kama karata yako ina nguvu. Jiulize nguvu hiyo itadumu mpaka lini.

Tumekariri mno kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mvumilivu hula mbivu. Sawa. Lakini mbivu nayo ikilazwa sana huoza, na wazee hao hao ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulichagua methali inayotufanya tuonekane werevu tukinyamaza. Kimya cha mwenye turufu ni hekima. Kimya cha mwenye kumi mbili ni woga uliovaa kanzu, na mwenzako ng'ambo ya meza anaujua.

Weka dau.