Pete ya Almasi: Ulizeni Habari ya Mkato



Hapa Kalenga almasi si kitu cha kila siku. Lakini siku hizi vijana wetu walio kazini mijini huwanunulia wachumba wao pete zenye kijiwe cheupe, na fedha wanazotoa pengine zingenunua ng'ombe wawili au watatu. Kanisa halidai almasi. Ndoa hufanywa na kukubaliana kwao wawili, na pete ya kawaida ikibarikiwa yatosha. Walakini atakayenunua, na anunue kwa macho yaliyo wazi.

Wauzaji hupenda kutaja uzito. Almasi hupimwa kwa karati, na karati 5 ni gramu 1. Kijana akisikia, "Hii ni karati nzima," hufurahi, naye hajauliza habari ya mkato. Rangi na usafi jiwe hutoka navyo ardhini. Mkato ni kazi ya mikono ya fundi, nao ndio unaolifanya jiwe liwake au lilale kama kipande cha chupa.

Mfano tunao nchini mwetu. Mwaka 1947, katika mgodi wa Dakta Williamson huko Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilipokwisha kukatwa London zilibaki karati 23.6 tu. Zaidi ya nusu iliondoka! Wala fundi hakuharibu mali. Ndivyo kazi ilivyo.

Basi oneni hila ilipo. Fundi mwenye tamaa hataki kupoteza uzito, kwa hiyo huliachia jiwe tumbo kubwa kwa chini. Mizani itasema karati 1, lakini ukilitazama kwa juu ni dogo, tena katikati pana giza. Jiwe jembamba mno nalo lina ubaya wake: laonekana pana, ila mwanga hupenya chini ukapotea, kama maji katika pakacha. Jiwe la mviringo lililokatwa vema lina nyuso ndogo 57 au 58. Hupokea mwanga kwa juu, huurusha ndani upande hata upande, kisha huurudisha jichoni mwako. Kina chake hukaribia sehemu 60 katika mia za upana wake. La karati 1 lina upana wa milimita 6.5 hivi, ukipewa la milimita 6, umenunua tumbo.

Taasisi ya vito ya Marekani, iitwayo GIA, ilianza mwaka 2006 kutoa daraja za mkato kwa almasi nyeupe za mviringo. Daraja ni tano: bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya wastani, na duni. Neno "nzuri" lisiwadanganye, maana hiyo ni ya tatu! Tena katika karatasi ya wapimaji mna mistari mitatu tofauti: mkato, ung'arishaji, na ulinganifu wa nyuso. Muuzaji mjanja huweka kidole penye ung'arishaji, palipoandikwa "bora kabisa", akanyamaza juu ya mkato. Karatasi ni ya Kiingereza. Asiyeisoma aende na mtu wake mwenyewe, si mtu wa dukani.

Fedha zikiwa chache, mimi ningepunguza uzito, nisiguse mkato. Nusu karati iliyokatwa vema huwaka kuliko karati nzima yenye tumbo.

Na yule anayepita vijijini na jiwe ghafi ndani ya kitambaa, mwambieni aende zake. Biashara ya almasi ghafi pasipo leseni ni kosa la sheria, hata kama jiwe ni la kweli, na mara nyingi si la kweli.

Jambo jingine ni taa. Sonara huning'iniza taa kali juu ya meza yake, na chini yake hata jiwe duni humetameta. Kijana akija nayo nyumbani kwa wakwe, sebuleni penye dirisha moja, nuru imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ombeni mlitazame jiwe mlangoni, kivulini, mbali na taa ile. Kisha mwombeni sonara kioo chake cha kukuzia, mtazame ukingo wa jiwe. Mengi yaliyopimwa yamechorwa namba hapo, nayo sharti ilingane na ile ya karatasi.